Anguka au Angushwa? Kuyachambua Mahubiri ya Jonathan Edwards ya 1741

Walimu, wanafunzi, na nyote mliofika, asanteni.

Kuna sentensi moja ambayo kila msahihishaji wa insha za fasihi ameshakutana nayo: "Mhubiri ametumia tashbihi ya buibui ili kuwatisha wasikilizaji na kuyafanya mahubiri yake yavutie." Haina kosa la sarufi, ila haisemi kitu. Toa buibui weka simba, toa mahubiri weka shairi la mapenzi, toa kutisha weka kufurahisha, nayo itasimama vilevile. Kazi yetu leo ni kutafuta sentensi ambayo haihamishiki, yaani sentensi inayoyahusu mahubiri haya na si mengine.

Mahubiri yenyewe kwa Kiswahili tuyaite "Wenye Dhambi Mikononi mwa Mungu Mwenye Hasira". Jonathan Edwards aliyatoa Enfield tarehe 8 Julai 1741, na yakachapishwa Boston mwaka huohuo. Siku hizo Enfield ilihesabiwa upande wa Massachusetts. Leo imo Connecticut. Edwards alikuwa na miaka 37, mhitimu wa Yale, mchungaji wa Northampton, mahali alipoirithi mimbari ya babu yake mzaa mama, Solomon Stoddard, aliyefariki 1729. Ni kipindi kile cha mwamko wa kidini kinachoitwa Uamsho Mkuu, na George Whitefield, mhubiri kutoka Uingereza, alikuwa amepita Northampton akihubiri Oktoba 1740. Tukimwita Edwards Mpuritani tunamwita kwa ukoo wa imani na wa mtindo, kwa sababu kundi kubwa la Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa litakaswe zaidi, lilitua Massachusetts Bay 1630, zaidi ya miaka 100 kabla ya siku hii. Andika "mrithi wa Wapuritani" na hakuna atakayekukosoa.

Urithi mkubwa aliopokea ni kalibu. Mahubiri ya Kipuritani yalijengwa kwa mpango ambao William Perkins wa Cambridge alikuwa ameufundisha tangu mwisho wa karne ya 16: linasomwa andiko na kufafanuliwa, kutoka humo inachotwa kauli moja ya mafundisho, kauli inatetewa kwa sababu zilizohesabiwa, kisha yote yanaelekezwa kwa watu waliokaa pale mbele. Sehemu hiyo ya mwisho tuiite matumizi. Mtindo wao waliuita mtindo wazi. Msomi aliyekijua Kilatini na Kigiriki alitakiwa kuviacha nyumbani. Ndiyo maana taswira za Edwards zimetoka kwenye vitu ambavyo mkulima wa bonde la mto Connecticut alivishika kwa mikono yake: madini ya risasi, upinde, lango la bwawa, makapi ya uwanja wa kupuria, buibui na moto wa jikoni.

Sasa andiko. Kumbukumbu la Torati 32:35, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema "wakati itakapoteleza miguu yao". Kwa maneno hayo machache Edwards anatoa mafunzo manne. Kwanza, waovu wako hatarini muda wote. Pili, maangamizi huwajia ghafla, kama anayetembea penye utelezi asivyojua kama hatua ijayo atasimama au atakuwa chini. Tatu, na hapa naomba mkaze macho, wataanguka wenyewe, bila kutupwa na mkono wa mwingine. Anayesimama penye utelezi hahitaji kitu kingine cha kumwangusha zaidi ya uzito wake. Nne, kama bado hawajaanguka ni kwa sababu wakati uliowekwa haujafika, na ukifika Mungu hatawashikilia tena, atawaachia.

Kiswahili kinatupa hapa chombo ambacho Edwards hakuwa nacho. Sisi tuna anguka na tuna angushwa, na mtoto wa miaka mitatu anajua tofauti yake: "Mama, sikuanguka, nimeangushwa!" Insha nyingi kuhusu mahubiri haya zinasomeka kana kwamba Edwards alihubiri kuangushwa: Mungu amekasirika, kwa hiyo anawatupa watu motoni. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya mahubiri, mkono wa Mungu hautupi. Unashika. Tishio lote limo ndani ya kitenzi achia. Zaburi ya 73 anayoinukuu katika kulifafanua andiko inasema waziwazi kwamba Mungu huwaweka watu penye utelezi na kuwaangusha, kwa hiyo si kwamba Edwards anaona haya kuutaja mkono unaoangusha. Amechagua tu kujenga juu ya wazo jingine, kwa sababu mtu anayesubiri kutupwa anaweza kujiandaa, akakunja ngumi, akajificha. Anayening'inia hana la kufanya.

Kutoka kwenye andiko inakuja kauli ya mafundisho, sentensi moja inayobeba yote. Kwa tafsiri yangu: hakuna kitu kinachowazuia waovu, dakika yoyote ile, wasiwe jehanamu, isipokuwa ridhaa tupu ya Mungu. Wanafunzi wengi wa Kiswahili hujikwaa kwenye neno nililolitafsiri "ridhaa", ambalo kwa Kiingereza ni "pleasure". Kwa Kiingereza cha leo neno lile humaanisha raha au furaha, na nimeona tafsiri zinazosema "furaha tu ya Mungu", kana kwamba Mungu anafurahia kuwaning'iniza watu. Kwa Kiingereza cha kisheria na cha kifalme cha wakati ule lilimaanisha hiari, utashi, ridhaa. Edwards mwenyewe analifafanua papo hapo: utashi usiofungwa na wajibu wowote wala kuzuiwa na ugumu wowote. Ukilikosea neno hili umeyakosea mahubiri yote.

Baada ya hapo zinakuja sababu 10. Vitabu vingi vya shule huzikata, vikaanzia kwenye matumizi, mahali penye buibui na moto. Hasara yake ni kubwa. Mwanafunzi anayesoma kipande kile peke yake anahitimisha kwamba Edwards alitegemea hofu tu, na anaandika ukurasa mzima juu ya hisia bila neno hata moja juu ya hoja. Kumbe hofu ilikuwa imetengenezewa njia.

Zipitieni sababu hizo kama mtu anayefunga milango ya nyumba mmoja baada ya mwingine. Labda Mungu hana nguvu za kutosha? Anazo. Labda haki itamzuia? Haki ndiyo inayodai hukumu. Labda hukumu bado haijatolewa? Imeshatolewa. Labda Mungu hajawakasirikia hivyo? Hasira aliyonayo kwao ni ileile iliyo juu ya walioko jehanamu tayari. Shetani yuko tayari kuwarukia. Ndani ya mtu mwenyewe mna cheche za moto ule. Mwili wenye afya hauthibitishi kitu: watu wanatembea juu ya shimo wakikanyaga kifuniko kilichooza, na mishale ya mauti hupaa mchana kweupe isionekane. Uangalifu hausaidii, maana mwenye hekima hufa kama mpumbavu. Mipango ya kuikwepa jehanamu haisaidii. Na mlango wa 10, ambao msikilizaji mcha Mungu pengine alikuwa ameuegemea muda wote: Mungu hajajifunga kwa ahadi yoyote kwa mtu aliye nje ya Kristo, hata akisali kwa bidii namna gani.

Hiyo ndiyo hoja kwa kuondoa: unaorodhesha makimbilio yote, unayafuta moja moja, na linalobaki ndilo ulilotaka kuthibitisha tangu mwanzo. Angalieni pia kile asichokithibitisha. Hathibitishi kwamba jehanamu ipo, wala kwamba Biblia ni kweli. Watu wa Enfield walikuwa wamekuja na imani hizo kutoka nyumbani. Hoja ya ushawishi huacha bila kusemwa yale ambayo wasikilizaji wameshayakubali, na mchambuzi anayepoteza aya tatu kubishana kuhusu kuwepo kwa jehanamu anawajibu watu ambao hawakuwa wameuliza. Swali lenye faida ni hili: kwa mtu aliyekwisha kuamini jehanamu, mahubiri haya yanaongeza nini? Yanaongeza neno "sasa".

Sababu ya tisa nataka niisogelee zaidi, maana humo mna ufundi ambao wengi wanaupita. Edwards anasema: tungeweza kuongea na walioko jehanamu, mmoja mmoja, tukawauliza kama walipokuwa hai walitarajia kufika huko, wangejibu hivi. Kisha anaachia sauti ya mfu ijitetee. La, sikukusudia kabisa kufika hapa. Nilikuwa nimeyapanga mambo yangu vingine. Nilidhani mpango wangu ni mzuri. Yalinijia bila kutarajia, yalikuja kama mwizi. Mauti yalinizidi ujanja. Nilikuwa najifariji kwa ndoto za nitakayoyafanya baadaye, na niliposema "amani na salama", ndipo maangamizi yaliponifikia.

Mna tashihisi humo, mauti yakifanywa mjanja anayemzidi mtu akili, na mna mwangwi wa Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike. Ila kilicho kikubwa zaidi ni nani anayesema "mimi". Edwards karibu hajitaji katika mahubiri haya. Nafsi ya kwanza umoja akiitumia, ni ya mwalimu anayefafanua neno. "Mimi" yenye pumzi, yenye majuto, yenye mipango iliyoharibika, amempa mfu. Na maneno ya mfu yule hayana ajabu yoyote. Ndiyo yaleyale ambayo mtu wa kiti cha nyuma anajiambia moyoni dakika hiyo: nitatubu mavuno yakiisha.

Halafu inakuja hatua inayoyageuza mahubiri yote, nayo ni badiliko la kiwakilishi tu. Katika sababu 10 wanaozungumziwa ni "wao", watu wa asili, yaani wasiozaliwa upya katika Kristo, waovu. Msikilizaji anaweza kutikisa kichwa akimfikiria jirani yake. Matumizi yanapoanza, "wao" anageuka "you", na kutoka hapo hakuna pa kujificha. Mwandishi wetu wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonya juu ya mauti na moto aliuambia moyo wake mwenyewe, na msomaji akasikia kwa pembeni. Edwards anaelekeza kidole mbele.

Mfasiri wa Kiswahili hapa anabanwa. Neno lile la Kiingereza halisemi kama ni wewe au ninyi. Kila mtu ukumbini anaweza kulichukua kama lake peke yake, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Sisi lazima tuchague. Ukiandika "ninyi" kote, lawama inagawanywa kwa watu mia, kila mmoja anachukua kipande kidogo. Ukiandika "wewe" kote, unapoteza hali ya umati uliokaa pamoja. Nionavyo mimi, matumizi yaanze kwa "ninyi", kisha yageuke "wewe" mshale unapoelekezwa moyoni, maana moyo hauna wingi katika taswira ile: mshale mmoja, moyo mmoja. Nikiri kwamba kugeuza hivyo ni kumwekea Edwards hatua ambayo hakuiandika. Ni gharama ya kufasiri.

Tuzifikie taswira, na tuzipime kwa kipimo cha mkono unaoshika. Uovu wako unakufanya mzito kama risasi. Mungu akikuachia tu, utazama. Ghadhabu ni kama maji mengi yaliyozuiwa kwa bwawa, yanaongezeka, yanapanda, na kadiri yanavyozuiwa ndivyo yatakavyokwenda kwa kasi. Mungu akiuondoa mkono wake kwenye lango, litafunguka mara moja. Upinde umepindwa, mshale uko kwenye uzi, haki inauelekeza moyoni na kuukaza upinde. Ni ridhaa ya Mungu tu inayouzuia mshale usilewe damu yako. Upepo mkali umezuiwa kwa sasa. Ukiachiwa utakuwa kama makapi ya kiangazi. Risasi, maji, upinde, upepo: vitu vinne visivyofanana hata kidogo, na vyote vina umbo moja la ndani. Kuna nguvu iliyolimbikwa, kuna kinachoizuia, na kinachoizuia ni ridhaa isiyodaiwa na mtu. Hapo ndipo sentensi yetu isiyohamishika inapozaliwa: taswira za Edwards zinamtisha msikilizaji kwa kumwonyesha kinachomzuia asianguke, kisha kumwonyesha kwamba yeye hana mamlaka juu ya kizuizi hicho.

Buibui sasa. Watu humtaja mara moja, kumbe anapita mara tatu akibadilika kazi. Mara ya kwanza ni utando tu: afya yako, busara yako, haki yako yote vitakuzuia usizame kwa kiasi kilekile ambacho utando wa buibui unaweza kuzuia mwamba unaoanguka. Hapa wewe ni mwamba, na utando ni mambo yako mema. Mara ya pili umekuwa buibui mwenyewe, umeshikwa juu ya shimo kama mtu anavyomshika buibui au mdudu wa kuchukiza juu ya moto. Mwamba umepungua ukawa mdudu. Mara ya tatu mdudu hatajwi, ila umebaki uzi: unaning'inia kwa uzi mwembamba, ndimi za moto zinaurukia, ziko tayari kila dakika kuubabua na kuukata. Msikilizaji aliyetoka hivi punde kumwona buibui anajua uzi huo ni wa namna gani. Edwards alimjua mdudu huyu vizuri: mwaka 1723, akiwa kijana, aliandika barua ya kisayansi kuhusu buibui wanaopepea hewani kwa nyuzi zao. Ukiandika "tashbihi ya buibui" kwa umoja, umeyakosa mabadiliko hayo yote.

Katika aya hiyohiyo ya buibui mna jambo linalonipendeza zaidi ya tashbihi. Edwards anasema: hakuna sababu nyingine ya wewe kutokwenda jehanamu usiku uliopita, ya kuruhusiwa kuamka tena baada ya kufumba macho, ya kutotumbukia tangu ulipoketi humu katika nyumba ya Mungu, isipokuwa mkono wa Mungu umekushika. Usiku, asubuhi, sasa hivi. Hakuna moto katika maneno hayo wala mnyama. Ni ratiba ya kawaida ya siku ya mtu. Takriri ya "hakuna sababu nyingine" inafanya kazi kubwa kuliko kiberiti chote cha aya zinazofuata.

Kwa nini taswira nyingi hivyo kwa mhubiri wa mtindo wazi? Edwards alikuwa amemsoma John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, aliyefundisha kwamba mawazo huingia kwa njia ya hisi. Katika mahubiri yake yaliyochapishwa 1734 alitoa mfano wa asali: kujua kwa akili kwamba asali ni tamu ni jambo moja, na kuuonja utamu wake ni jingine. Watu wa Enfield walijua jehanamu kama mtu anayejua asali kwa kusimuliwa. Kazi ya taswira haikuwa kupamba bali kuonjesha. Kwa hiyo ukiandika "pambo la lugha" mbele ya Edwards umemtukana kidogo.

Niseme pia mahali ambapo kipimo changu kinavunjika, nisije nikawauzia mbuzi ndani ya gunia. Matumizi yakifika katikati, Edwards anahesabu mambo manne kuhusu ghadhabu hiyo: ni ya nani, ukali wake, kwamba itaonyeshwa hadharani, na kwamba haina mwisho. Kwenye ukali anaingia Isaya 63, Mungu akiyakanyaga mashinikizo ya divai, na damu ya watu ikirukia mavazi yake. Hapo mkono haushiki tena; mguu unakanyaga. Angalieni njeo inavyobadilika. Taswira za kushika ziko katika wakati uliopo na katika "kama akikuachia". Taswira za kukanyaga ziko katika wakati ujao, "atakanyaga", "ataponda". Kinachoendelea sasa ni kushikwa. Kuangushwa na kupondwa ni kwa siku ya hukumu. Mchambuzi asiyetenganisha njeo atasema Edwards anajipinga. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahubiri yanapolegea, kwa sababu damu inaonekana kwa macho lakini haimgusi aliyeketi. Kifuniko kilichooza kilimgusa nyayo.

Suala la itibari ya msemaji, yaani kinachowafanya watu wamwamini, halitanichukua muda. Edwards hajitangazi, itibari anaiazima kutoka kwa maandiko, na maandiko yamejaa kila upande, Zaburi, Isaya, Luka, Warumi, Ufunuo. Namna ya kuongea ilisaidia. Waliomsikia wanamweleza kama mtu wa sauti ya chini isiyo na nguvu nyingi, asiyetikisa mwili. Kwa hiyo wale wanaoyaigiza darasani kwa kupiga meza na kunguruma wanaigiza mtu mwingine. Sentensi hizi zikisomwa kwa utulivu ndipo zinapotisha, kama daktari anayesoma majibu ya vipimo. Mtenganishe pia itibari iliyomo ndani ya matini na wasifu wa mtu. Edwards alimiliki watumwa; mwaka 1731 alimnunua msichana huko Newport. Hilo ni la kweli na linastahili insha yake, lakini halielezi kwa nini watu wa Enfield walilia.

Na walilia. Karibu na mwisho kuna hesabu ndogo. Tungejua kwamba yuko mtu mmoja, mmoja tu, katika kusanyiko hili lote atakayeipata taabu hii, lingekuwa jambo la kutisha namna gani kulifikiria! Tungemjua ni nani, ingekuwaje kumtazama! Kusanyiko lote lililobaki lingemlilia kwa uchungu. Lakini, ole, badala ya mmoja, ni wangapi wataikumbuka hotuba hii wakiwa jehanamu? Isingekuwa ajabu baadhi ya watu walioketi humu sasa, katika viti vya nyumba hii, wazima, watulivu, wawe huko kabla ya kesho asubuhi. Idadi inapanuka, kutoka mmoja hadi wangapi. Mahali panabana: kusanyiko, nyumba, viti. Wakati nao unabana: milele ya aya zilizotangulia inakuwa kesho asubuhi. Na angalieni "tu-" ya "tungejua": kwa mara chache sana mhubiri amekaa upande mmoja na wasikilizaji, wote wakimtafuta yule mmoja. Wakishamlilia, wanaambiwa si mmoja.

Kwa wanaokwenda kuandika, fanyeni hivi. Chukueni matini kamili, msome mara tatu na kalamu tatu. Usomaji wa kwanza, pigieni mstari viwakilishi tu, mwone "wao" inakoishia na "wewe" inakoanzia. Wa pili, pigieni vitenzi vya kushika, kuzuia na kuachia. Msitazame tashbihi kabisa. Wa tatu, maneno ya wakati: sasa, kila dakika, usiku uliopita, kesho. Baada ya hapo chagueni vifungu viwili, visizidi vitatu, na kwa kila kimoja andikeni mambo manne kwa mfululizo: nukuu fupi ya maneno yasiyozidi 12, umbo lake linavyofanya kazi, linamtendea nini mtu aliyeamini jehanamu tayari, na linaungana vipi na kauli ya mafundisho. Insha ya vifungu vitatu vilivyochimbwa hupita insha ya tamathali 15 zilizoorodheshwa kama bei za sokoni. Msiandike "hisia" kama kichwa cha aya moja na "hoja" kichwa cha nyingine. Katika mahubiri haya hoja ndiyo inayozaa hisia, na ukizitenga unazikata zote mbili.

Limebaki jambo la mwisho wa mahubiri. Edwards anafunga kwa mlango wa rehema uliofunguliwa wazi, Kristo akiita kwa sauti kuu. Anawauliza kama roho zao hazina thamani sawa na za watu wa Suffield, wanaomiminika kwa Kristo kila siku. Suffield iko ng'ambo tu ya mto Connecticut, kwa hiyo huo ni wivu wa majirani ukitumiwa kwa ustadi. Anawageukia wazee, vijana, watoto, kila rika kwa zamu yake, na anamaliza kwa amri waliyopewa jamaa ya Lutu: kimbieni, msitazame nyuma, mkimbilie mlimani.

Mchungaji Stephen Williams, aliyekuwepo, aliandika katika shajara yake kwamba kabla mahubiri hayajaisha nyumba nzima ilijaa vilio na watu kuuliza wafanye nini waokoke, hata mhubiri akalazimika kunyamaza. Tulicho nacho mkononi ni matini iliyochapishwa Boston. Inawezekana kwamba kurasa za mlango wa rehema hazikusikika Enfield siku ile kama tunavyozisoma. Kwa hiyo mkifika kwenye aya zile, andikeni "msomaji wa 1741", msiandike "wasikilizaji wa Enfield".